Chuma Kwenye Tufaha la Gesche

Hinrich alisema mti utang'olewa Jumanne, na Hinrich ni mtu ambaye akishataja Jumanne, hata Jumatatu hujinyoosha vizuri isije ikamkwaza.

Mti wenyewe ni mtufaha wa shangazi yake, Gesche. Umesimama mahali pabaya kuliko pote: kwenye kona ya shamba, hapo hapo trekta linapotakiwa kugeuka. Sisi wa huku, chini ya tuta la mto Elbe, tunapanda matufaha kwa mistari iliyonyooka hata ukiviringisha yai mwanzo wa mstari unaweza kwenda kulisubiri mwisho. Mti wa Gesche ulipandwa na bibi yake kabla mtu yeyote hajaota mistari. Umeinama upande mmoja kama jirani anayesikiliza ukutani, na matunda yake ni ya kijani, yana vinundu, na makali kiasi kwamba tunayaita Mkunjauso. Mimi nilionja la kwanza nikiwa na miaka sita, na nadhani jicho langu la kushoto halijafunguka sawasawa mpaka leo.

Gesche ana miaka themanini na mitatu. Shamba alishamwachia Hinrich, mtoto wa kaka yake. Yeye akabaki na nyumba ndogo ya uani, jiko lake, na haki ya kubisha. Na jambo moja alilobishia maisha yake yote ni kwamba tufaha lile lina chuma. Si kidogo. Mwanamke aliyejifungua, msichana aliyepauka, mtu anayeona kizunguzungu akipanda ngazi, wote walipita jikoni kwake wakapewa tufaha moja kila asubuhi kwa wiki mbili. Katika ukoo wetu, husema, hakuna mwanamke aliyewahi kuzimia, isipokuwa mmoja tu, na huyo alizimia kwa makusudi ili asiolewe.

Jumapili moja ya Oktoba tulikuwa kwa Hinrich tunakunywa kahawa ya saa tisa, majirani watano sita, na mkewe Imke alikuwa ameoka keki ya siagi. Hinrich akaeleza mpango wake. Katapila linakuja Jumanne, si hii ya keshokutwa bali ile ya wiki ya pili, kuchimbua mtaro. Likishamaliza mtaro litang'oa na mti, kona itakuwa wazi, mstari wa miche mipya utanyooka, trekta litageuka kwa mkupuo mmoja. Gesche akasema huwezi kung'oa duka la dawa. Hinrich akasema, kwa upole wote, "Shangazi, chuma kiko kwenye trekta. Kwenye tufaha kuna maji na sukari, na kwenye la kwako hata sukari yenyewe haikukaribishwa."

"Basi lipimwe," Gesche akasema.

Hinrich anapenda namba kuliko anavyopenda jua. Akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono juu ya keki. Likipimwa tufaha la shangazi likawa na chuma kuliko lake, mti unabaki na mstari wa miche mipya utapinda kuupisha. Likiwa na kidogo, Jumanne. Gesche akautazama ule mkono kama mtu anayetazama samaki sokoni, kisha akaushika. Huku kwetu mikono ikishashikana juu ya meza yenye kahawa, wanasheria wanaweza kwenda zao kuvua samaki. Kisha vichwa vyote vikanigeukia mimi: majibu yasomwe Jumapili ijayo, kwenye kahawa.

Mimi ni Telse, na ndiye ninayepima. Nina maabara ndogo nyuma ya ghala la kupokelea matunda: napima sukari, napima ugumu wa nyama, napima majani yana njaa ya nini. Zamani nilikuwa kwenye maabara kubwa mjini Hamburg, mpaka asubuhi moja tukakuta kitasa kimebadilishwa na mkate wangu wa mchana umebaki ndani ya friji. Mume wangu naye alipoondoka alinisaidia kusahau huo mkate, kwa sababu alichukua friji. Tangu hapo siamini kitu mpaka nikipime mara mbili, na hata hapo huwa naacha mlango wazi kidogo.

Jumatatu asubuhi wakaleta wote wawili. Hinrich alileta matufaha sita yaliyolingana kama askari wa gwaride, kila moja na kibandiko chake. Gesche alikuja kwa baiskeli, yake sita yamefungwa kwenye gazeti, akanisalimu "Moin" na kuondoka kabla sijamwambia kaa. Alikuwa na hakika. Mtu asiye na hakika hukaa.

Kupima chuma kwenye tunda si kazi ngumu, ni kazi ya usafi. Unaosha kwa maji yasiyo na madini. Unakata kwa kisu cha kauri, maana kisu cha chuma kinaweza kuchangia bila kuombwa. Unakausha, unachoma kwenye tanuru mpaka libaki jivu jeupe kama nywele za Gesche, unayeyusha jivu kwa asidi, halafu unadondosha dawa. Chuma kikikutana na dawa ile huona haya: kikiwa kidogo hupata wekundu kidogo, kikiwa kingi kinaiva uso mzima. Mashine inatazama wekundu huo na kuandika namba.

La Hinrich lilitoa rangi ya chai iliyopikwa mara ya tatu kwa majani yaleyale. Miligramu sifuri nukta mbili kwa kila gramu mia. Tufaha la kawaida, halina kesi na mtu.

La Gesche likawa jekundu kama juisi ya cheri. Sita nukta moja.

Nikakaa. Kwa namba ile tufaha la Gesche lilikuwa linakula meza moja na ini la ng'ombe. Nikajilaumu kwanza, kwa sababu katika maisha hiyo ndiyo njia ya mkato. Nikaosha vyombo vyote upya, nikapima tena: tano nukta nane. Nikalilaumu tanuru, nikachoma kibakuli kitupu, hakikutoa kitu. Muda wote huo Hinrich alikuwa akipita dirishani kwangu mara mbili kwa siku, kila mara akiwa na sababu mpya iliyochakaa. Akauliza kama aagize miche ya kona. Nikamwambia mashine bado inafikiri. Akasema mashine hazifikiri. Nikamwambia basi ndiyo maana mnaelewana.

Jumatano jioni nikachukua tufaha la mwisho la Gesche nikaliweka chini ya taa. Karibu na kikonyo kulikuwa na matundu mawili madogo, kingo zake zimegeuka kahawia. Funza, nikasema. Kisha nikavaa miwani. Funza gani huyo anayetoboa matundu ya pembe nne?

Alhamisi nikaenda kwake. Mlango wa jiko huwa haufungwi, nikaingia, na mezani nikakuta bakuli la udongo lenye matufaha manane, kila moja limepigwa misumari miwili, vichwa nje. Yalikuwa kama familia ya nungunungu wa kipato cha chini.

"Bibi Gesche," nikasema, "hivi ni vitu gani?"

"Kifungua kinywa."

Akanieleza kama anavyoelezwa mgeni asiyejua mlango wa choo. Misumari ni ya bibi yake, imefuliwa kwa mkono, ya pembe nne. Kila Jumamosi inachemshwa. Unaichomeka jioni, unaichomoa asubuhi, unafuta, unakula. Nikamuuliza yale aliyoniletea mimi je. Akasema naam, aliyaandaa vizuri kabisa, akachomoa misumari, akayafuta mara mbili kwa sababu ni ya serikali. Nilimwambia maabara yangu si ya serikali. Akasema basi angefuta mara moja.

"Lakini Bibi, mimi nilitaka tufaha lenyewe. Hivi hivi."

"Ningekuletea bichi namna hiyo? Mtu akikuomba viazi vyako avionje, unampelekea bila chumvi?"

Nikavuta kiti. Nikamweleza taratibu kwamba chuma nilichokipima kimetoka kwenye msumari. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimemwambia maziwa yanatoka kwenye ndoo.

"Msumari unakiamsha tu," akasema. "Chuma kimelala mle ndani ya tunda. Kikisikia mwenzake amekuja, kinaamka. Mama alinieleza sijafika hata urefu wa meza hii."

Nimewahi kubishana na wasomi wenye shahada mbilimbili na nikawaacha wanatafuta makoti yao, lakini hapo nusura nitafute koti langu. Nikamwambia njia ya kujua ni moja: kupima Mkunjauso ambalo halijawahi kuonana na msumari. Kama chuma kimelala mle, tanuru litakiamsha kwa nguvu, kitake kisitake.

Huruma ikamtoka usoni. Nikajua ameelewa yote. Karatasi ya majibu ilikuwa bado mfukoni mwangu. Nikaona nisimzunguke.

"Namba niliyonayo imekushindia tayari," nikasema. "Hakuna aliyeniuliza matufaha yaliandaliwaje. Nikiisoma Jumapili, mti unabaki."

Najua ningekuwa nimevunja miiko ya kazi yangu. Nilimwambia hivyo hivyo, na sijivunii, ingawa sijuti sana pia. Gesche akachomoa msumari mmoja kutoka kwenye tufaha lililokuwa karibu, akaukausha kwenye aproni, akautazama.

"Mama hakuwa mwongo," akasema. "Pima."

Akatoka mwenyewe mpaka kwenye kona, akachuma manne, akanipa mkononi bila gazeti.

Ijumaa alasiri namba ikatoka. Sifuri nukta moja. Nusu ya la Hinrich. Sikuwahi kuona tunda lililo maskini wa chuma namna ile, lingepewa msaada. Nikapika kahawa, nikainywa nimesimama. Nilikuwa nimezoea kupeleka habari mbaya, lakini kwa watu wanaouza tani mia tatu, si kwa bibi wa mti mmoja.

Kisha ukaidi ukanishika, na ukaidi ndio umenilisha miaka yote hii. Kama chuma kimetoka kwenye msumari, ni nani aliyekitoa? Jioni hiyo nikarudi kwa Gesche kuazima misumari minne. Hakuniuliza majibu wala mimi sikumwambia. Alinihesabia misumari mkononi kama mtu anayekabidhi vifaranga. Nikachomeka miwili kwenye tufaha la Hinrich lenye kibandiko, na miwili kwenye Mkunjauso. Jumamosi asubuhi nikaichomoa, nikakata, nikakausha, nikawasha tanuru. Jumapili kabla ya mchana nikasoma. La Hinrich: moja nukta tatu. La Gesche: tano nukta tisa. Nikapima na ukali wa maji yake. La Gesche lilikuwa kali mara tatu.

Saa tisa nikaenda kwenye kahawa na karatasi mbili.

Imke alikuwa ameoka keki ileile, na majirani walikuwa walewale, ila wamewahi zaidi. Nikasoma karatasi ya kwanza, nikaeleza na habari ya misumari ilivyokuwa, kwamba namba ya kwanza haikuhesabika na kwamba Gesche mwenyewe ndiye aliyesema ipimwe upya. Kisha namba: Hinrich sifuri nukta mbili, Gesche sifuri nukta moja.

Hinrich akapiga paja mara moja. Alikuwa na adabu ya kutopiga la pili. Gesche akaweka uma wake pembeni mwa sahani, sambamba na ukingo, taratibu.

"Mkono ni mkono," akasema. "Jumanne."

Akaomba kahawa. Imke akammiminia, na ikamwagika kidogo kwenye kisahani, na hakuna aliyeangalia popote. Keki ilikuwa nzuri, lakini siku hiyo ilimezwa kama dawa. Gesche alikuwa ameangalia dirishani, si upande wa mti, upande wa pili. Nadhani hakuwa akiuaga mti. Alikuwa akimfikiria mama yake.

Nikasema kuna karatasi ya pili. Hinrich akasema kesi imekwisha, karatasi ya pili ya nini. Nikamwambia ni ya elimu tu, kula keki yako. Nikaisoma: misumari ileile, saa zilezile, tufaha la Hinrich moja nukta tatu, la Gesche tano nukta tisa.

"Maana yake nini?" Imke akauliza.

Nilimjibu yeye, lakini nilikuwa namtazama Gesche. "Maana yake mama yake Bibi alikosea jambo moja dogo. Chuma hakilali ndani ya tufaha. Lakini Mkunjauso lina meno. Ukali wake unautafuna msumari. Wale wanawake wote waliopita jikoni kwake hawakula hadithi, walikula chuma kweli. Tufaha jingine lingekesha na msumari uleule likaambulia makombo."

"Jingine kama la nani?" mmoja wa majirani akauliza, na alijua vizuri la nani.

Imke akaliweka birika chini. "Kwa hiyo la kwetu ni kibogoyo," akasema.

Akaanza kucheka. Imke hucheka kimya, mabega tu, na ndiyo mbaya zaidi. Majirani wakafuata. Jirani wa ng'ambo ya mtaro, ambaye amechukua nafasi ya pili nyuma ya Hinrich kwenye maonyesho ya matufaha miaka minane mfululizo, akatoa leso.

Hinrich hakucheka. Lazima mumwelewe. Amepigwa na baridi ya Mei iliyoua maua yote, amepigwa na mvua ya mawe, amepigwa na bei, na kila mara aliamka kesho yake akipiga mluzi. Lakini hajawahi kupigwa na tufaha. Akaivuta ile karatasi, akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna huruma. Kisha akaanza kunihoji. Tufaha nililotumia lilitoka upande gani wa sanduku? Msumari niliusukuma mpaka kwenye kokwa au niliacha njiani? Mbona nimetumia yale matamu, wakati ana safu moja ya matufaha makali kule kwenye tuta, ambayo hata ndege huyaomba msamaha kabla ya kuyadonoa?

"Ungeniletea hayo," nikasema.

"Nayaleta kesho."

"Yalete," Gesche akasema bila kugeuka. "Ila utashindana na nani? Mimi Jumanne sina mti."

Hinrich akasema matunda si yapo, shangazi anayo ndoo nzima. Hapo nikaona wajibu wangu wa kitaaluma unaniita. Nikamwambia, tena kwa uso mkavu kama tanuru, kwamba tunda lililokaa ndani hupoteza ukali siku hadi siku, na safu yake ya kwenye tuta haiwi tayari mpaka wiki mbili zijazo. Mashindano ya haki yanataka matunda yachumwe siku moja, yote mawili kutoka mtini. Mwaka huu hayalingani. Labda Oktoba ijayo, kama angepanga mapema siku ya kuchuma. Na kila neno hapo lilikuwa kweli, nendeni mkaulize popote.

"Oktoba ijayo," Hinrich akasema.

"Ndiyo hivyo."

"Kwa hiyo mpaka wakati huo namba iliyopo ni hii."

"Hii hii. Nitaibandika kwenye ubao wa ghala, watu wapate elimu."

Akamgeukia shangazi yake. Akakohoa. Akasema labda hakuna haraka sana na ile kona, labda mwaka huu wangefanya mtaro peke yake. Gesche akajivutia kipande cha pili cha keki, na nikaona kwa mara ya kwanza siku ile ameshika uma kama mtu mwenye njaa.

"Mkono ni mkono, mwanangu," akasema. "Ulishinda. Ng'oa."

"Shangazi, mimi nakuomba."

"Hapana. Watu watasema nimekuhurumia."

"Nani atasema?"

Majirani wote wakasema wao watasema.

Imke alikuwa amejificha nyuma ya birika. Hinrich akaanza kumbembeleza yule bibi wa miaka themanini na mitatu amruhusu asiung'oe mti aliokuwa akimbembeleza miaka sita amruhusu aung'oe. Alisema mti una historia. Alisema kivuli chake ni kizuri. Alisema, na hapa hata mimi nilimwonea aibu, kwamba trekta likigeuka kwa mkupuo mmoja dereva husinzia.

Gesche akasema atafikiri. Akafikiri kipande kizima cha keki, pamoja na chengachenga. Kisha akafuta vidole kimoja kimoja, akanyoosha mkono wake juu ya meza.

"Mpaka nishindwe," akasema. "Oktoba hadi Oktoba. Na msumari ni wa bibi yangu, usiniletee wa dukani."

Hinrich akaushika haraka, kama mtu anayeogopa utaondolewa.

Tulipotoka, Gesche alinishika mkono mpaka kwenye baiskeli yake. Hakunishukuru, huku hatuna mazoea mabaya hayo. Aliuliza tu kama meno yanaonekana kwenye ile mashine yangu. Nikamwambia hayaonekani, ila alama za kuuma zinaonekana. Akaitikia kwa kichwa polepole, akasema mama yake asingelikataa hilo.

Jumanne katapila likaja. Nilipita makusudi, siku hiyo na mimi nilikuwa na sababu yangu mpya iliyochakaa. Mtaro ulichimbuliwa vizuri, na Hinrich alikuwa amesimama kwenye kona, mikono ameitandaza mbele ya mti kama kipa, akimwamuru dereva apite mbali, mbali zaidi, asikanyage mizizi. Nafasi ya miche mipya ilikuwa imechorwa chini kwa chokaa: mstari ulikuja umenyooka kutoka kwenye tuta, ukafika karibu na kona, ukapinda kama kiwiko.

Dereva akazima mashine, akautazama mstari, akautazama mti, akamtazama Hinrich.

"Sasa trekta litageukaje hapa?"

"Kwa adabu," Hinrich akasema.